Kioo cha inkubeta kikianza kuandika "Kichina": namna ya kuwinda kelele za umeme kwenye saketi ya maikrokontrola

"Mwanangu, hii mashine yako imeanza tena kuandika Kichina."

Sikuitengeneza mimi ile mashine, ila kwa mama yule kila fundi aliyewahi kuigusa ni mwenye nayo. Ni inkubeta ya mayai 176, trei mbili za 88, boksi la mbao lenye balbu nne za kuleta joto, feni, mota ndogo ya kugeuza trei, na juu ya mlango kioo cha mistari miwili kinachoonyesha joto na unyevu. Ubongo wake ni Arduino Nano, bodi ndogo yenye maikrokontrola, yaani kompyuta ya chipu moja. Fundi wa kwanza alibadilisha kioo. Wa pili akabadilisha kioo na Nano. Kioo cha tatu ndicho kilichokuwa kinaandika Kichina siku niliyofika.

Nitaeleza kwa kutumia inkubeta hiyo kwa sababu ndiyo niliyoishika mkononi. Lakini ukiwa na kidhibiti cha pampu ya tangi, kengele ya shule au taa za banda, yaani chochote chenye kioo cha herufi na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowasha kitu cha 230 V, ugonjwa ni huuhuu na dawa ni hizihizi. Na niseme mapema: kwenye kesi za namna hii kioo mara nyingi ni shahidi tu, kinasimulia kilichomkuta. Ukikibadilisha umemfukuza shahidi, mwizi yuko palepale.

Kilichotokea ndani ya kioo

Vioo vya herufi 16 kwa mistari 2 vinaendeshwa na chipu ya HD44780, muundo wa Hitachi, au mfano wake. Wengi wetu tunakiunga kwa nyaya nne za data, D4 hadi D7, ili kubana pini. Herufi moja ina biti 8, kwa hiyo inatumwa vipande viwili: biti nne, halafu biti nne nyingine. Kila kipande kikiwa tayari, maikrokontrola inaipandisha pini ya E na kuishusha, kama mtu anayegonga meza kusema "chukua". Kioo kinahesabu: kipande cha kwanza, kipande cha pili, hiyo ni herufi. Hakuna anayeihakiki hesabu hiyo, maana pini ya RW tumeifunga kwenye graundi na kioo hakina namna ya kujibu.

Sasa pigo moja la uongo likiingia kwenye waya wa E, kioo kinaamini kimepokea kipande. Pigo lenyewe halihitaji kuwa refu, nanosekunde mia mbili na kitu zinatosha kwenye volti 5. Kuanzia hapo kila kitu kimesogea nusu hatua. Neno "Joto:" kwa namba za kioo (za heksadesimali, kila alama ni biti nne) ni 4A 6F 74 6F 3A. Likisogea, A ya herufi ya kwanza inashikana na 6 ya herufi ya pili, na kuendelea hivyo, kioo kinasoma A6, F7, 46, F3. Kwenye jedwali la herufi zake hizo ni ヲ, π, F na ∞. Hiyo ya kwanza ni katakana, kwa kuwa toleo la kawaida la chipu hii limebeba herufi za katakana kwenye kumbukumbu yake. Kwa hiyo Kichina cha mama kilikuwa Kijapani, tena kilichovunjika.

Wakati huohuo Nano haina habari. Inasoma joto, inawasha balbu, inageuza mayai, inatuma "Joto:" sahihi kabisa. Ukibonyeza riseti kioo kinapona, kwa sababu programu inapoanza inakiamuru kioo kianze kuhesabu upya. Ndiyo maana mafundi wawili waliondoka wakiamini wamemaliza kazi.

Kabla hujashika kitu

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu kwenye nyumba nyingi hujui kama swichi inakata waya wa moto au wa nyutro. Mkono mmoja ukiwa kwenye saketi ya volti 5 na mwingine ukaegemea kituo cha relei chenye 230 V, volti 5 hazitakusaidia. Majaribio yanayohitaji umeme uwepo nitayataja, na hayo unafanya boksi likiwa limefunikwa, mikono nje.

Hatua ya 1: soma dalili, usizichanganye

Watu husema "kioo kinaharibika" kwa mambo ambayo hayafanani.

Herufi za ajabu huku relei zinafanya kazi kama kawaida: kioo kimepoteza hesabu, kama nilivyoeleza. Tafuta kelele kwenye nyaya za kioo.

Viboksi vyeusi mstari wa juu, mstari wa chini mtupu: kioo kilikatikiwa umeme kwa muda mfupi kikarudi bila kupewa maagizo ya kuanzia. Tafuta kwenye njia ya 5 V.

Ujumbe wa kukaribisha unarudi wenyewe: Nano ndiyo iliyojizima na kuwaka. Weka kwenye kona ya mstari wa pili dakika zilizopita tangu kuwashwa, yaani millis() gawanya kwa 60000. Ukikuta imeandika 12 wakati mashine iko hewani tangu jana, umepata jibu bila kifaa chochote. Hiki ni kitu cha kwanza ninachoongeza kwenye programu ya mtu yeyote.

Joto linaruka hadi -127 au 85: hiyo ni sauti ya kihisi cha joto cha DS18B20. Maktaba inayotumika sana inarudisha -127 pale isipokipata kihisi, na 85 ndiyo namba ambayo kihisi kinaanza nayo kikitoka kuzimika. Kelele zimeingia kwenye waya wa kihisi, kioo hakihusiki.

Namba zimeganda, hazibadiliki hata ukifungua mlango: hii usiiache mpaka kesho. Kama kioo chako kinatumia kile kibao kidogo cha I2C (njia ya kutuma data kwa nyaya mbili, SDA na SCL) mgongoni, programu nzima inaweza kuwa imekwama ikisubiri jibu kwenye waya, na relei ya balbu imebaki ilivyokuwa. Kama ilikuwa imewaka, mayai yanapikwa.

Hatua ya 2: jua saa zake

Mama alikuwa na daftari la kurasa 96 analoandika joto kila anapopita. Kando ya baadhi ya mistari alikuwa ameandika "K", yaani Kichina. Nikazifuata zile K: Jumatatu saa 4:00, saa 8:00, saa 10:00. Jumanne saa 2:00 asubuhi, saa 12:00 jioni. Jumatano umeme ulikatika, na kuanzia hapo K zikawa saa 4:20, saa 6:20, saa 10:20.

Mota ya kugeuza mayai inawaka kila baada ya saa mbili, zikihesabiwa tangu mashine ilipowashwa.

Sikuhitaji oskiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na wala sina. Kilichobaki ni swali moja: mbona haikutokea kila baada ya saa mbili, bali mara hivi mara vile? Umeme wa ukutani unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Relei haijui iko wapi kwenye mawimbi hayo inapoachia. Ikiachia mkondo ukiwa karibu na sifuri, hakuna cheche. Ikiachia mkondo ukiwa juu, sumaku iliyojengeka kwenye koili za mota inaporomoka ghafla, volti zinaruka hadi mamia mengi, na cheche inapigwa kati ya vituo vya relei. Cheche hiyo ni kituo cha redio kidogo, na kila waya ulio karibu ni antena. Tatizo la mara moja moja siyo lazima liwe waya uliolegea.

Hatua ya 3: mtenge mmoja mmoja

Hapa ndipo pa kutumia muda. Andika programu fupi ya kujaribia inayowasha na kuzima relei moja kila sekunde 4 na kuonyesha kwenye kioo imegonga mara ngapi. Kisha fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza: chomoa mzigo kwenye relei, relei ibaki inagonga tupu. Ikigonga mara 200 na kioo kiko salama, koili ya relei na umeme wa volti 5 havina hatia. Kelele zinatoka kwa mzigo. Kikivurugika hata bila mzigo, ruka mpaka hatua ya 4.

La pili: rudisha mzigo, lakini Nano na kioo vipe umeme wa pawabenki badala ya chaja ya ukutani. Kama tatizo limeisha, kelele zilikuwa zinapita kwenye adapta. Kama lipo vilevile, zinapita hewani au kwenye nyaya zilizofungwa pamoja. Kama unasoma matokeo kwenye kompyuta, chomoa chaja ya kompyuta pia. Nimewahi kuhangaika nusu siku na kelele nilizozileta mwenyewe.

La tatu ni la wazee. Chukua redio ndogo ya betri, iweke masafa ya kati, AM, mahali pasipo na stesheni, uisogeze karibu na boksi likiwa limefungwa. Kila cheche utaisikia "ta!". Isogeze kufuata nyaya, utaona sauti inavyokua na kupungua. Kwenye inkubeta ya mama, redio ilipiga kelele zaidi juu ya mlango, pale kilipo kioo, kuliko pale ilipo relei. Nikafungua kifuniko: fundi fulani mpenda usafi alikuwa amefunga waya wa mota, waya wa feni na nyaya sita za kioo kwenye fungu moja, akazikaza kwa vibano vya plastiki kila sentimita tano, kwa urefu wa zaidi ya nusu mita. Kazi ilipendeza kweli.

Kwa mama, relei ikigonga tupu ilifika 200 bila shida. Nikairudishia mota, kioo kikaharibika ilipogonga mara ya saba.

Hatua ya 4: umeme wa volti 5

Hata kama jaribio la kwanza limekuambia volti 5 hazina hatia, fanya hatua hii, ni ya pesa ndogo.

Koili ya relei ya kawaida ya buluu ya volti 5 ina takriban ohmu 70, inavuta miliampia 71. Nne zikiwaka kwa pamoja unakaribia 290, na hapo hujahesabu taa ya kioo. Ukizipitisha zote kwenye pini ya 5V ya Nano, kisha kwenye waya mwembamba wa bredibodi (ubao wa kujaribia saketi bila kulehemu), volti zinashuka kila relei inapovuta. Testa haitakuonyesha, ni ya polepole mno kwa jambo hilo. Na kuna eneo baya la katikati: ATmega328P, chipu ya Nano, inayokimbia kwa 16 MHz inataka takriban volti 3.8 kwenda juu ili kutenda sawasawa, lakini kinga yake ya volti kushuka kwenye bodi hizi kwa kawaida imewekwa 2.7. Kati ya hapo chipu haijizimi, ila inaweza kufanya mambo ya kilevi.

Basi: relei zichukue umeme wao moja kwa moja kwenye adapta kwa waya wao, Nano na kioo kwa waya wao mwingine, na graundi zote zikutane sehemu moja tu, kwenye adapta. Usiunge kwa mnyororo, adapta kwenda relei, relei kwenda Nano, Nano kwenda kioo. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na relei, nyingine ya 100 karibu na Nano, na kapasita ndogo ya kauri ya nanofaradi 100, ile iliyoandikwa 104, kati ya pini za VSS (graundi) na VDD (5 V) za kioo chenyewe, imelehemiwa mgongoni mwa kioo. Kuiweka hiyo 104 sentimita ishirini kutoka kioo ni sawa na kutoiweka.

Kama unaendesha relei tupu kwa transista, hakikisha kuna dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari mweupe ukielekea upande wa chanya. Moduli za relei za dukani huwa nayo tayari.

Moduli zenye pini tatu zilizoandikwa JD-VCC, VCC, GND zina optokapla, yaani kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana, lakini kile kijampa cha plastiki kikiwa kimechomekwa, utengano wote umeuua. Ukitaka faida yake, chomoa kijampa, JD-VCC na GND ya upande huo uzipe adapta nyingine, na kutoka Nano upeleke VCC na pini za IN peke yake, bila waya wa graundi.

Hatua ya 5: ua cheche pale inapozaliwa

Dawa ni rizista ya ohmu 100 ya wati 1 na kapasita ya nanofaradi 100, zikiungwa mfululizo, kisha jozi hiyo ikawekwa sambamba na mzigo. Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, ulizia sanaba ya relei. Wakikukodolea macho, nunua vipande viwili ulehemu mwenyewe. Kapasita lazima iwe ya aina ya X2, iliyoandikwa 275 V~ au zaidi. Hizi zimetengenezwa zikifa zisiwake moto. Usitumie kapasita ya kauri ya kawaida hapa eti kwa sababu imeandikwa 400 V. X2 nzuri zinapatikana bure kwenye pawasaplai mbovu za kompyuta na TV, zile boksi za njano karibu na mahali umeme unapoingilia, ila acha pawasaplai ikae bila umeme muda wa kutosha kabla hujaifungua.

Kuna wanaoiweka sambamba na vituo vya relei badala ya mzigo. Inafanya kazi, lakini piga hesabu kwanza. Kapasita ya nanofaradi 100 kwenye 230 V za hezi 50 inapitisha miliampia 7 hivi hata relei ikiwa imezimwa. Balbu ya wati 100 haitaona chochote. Mota ya kugeuza mayai ya wati 4 inahitaji miliampia 17 au 18 tu kufanya kazi yake yote, hivyo miliampia 7 zinaweza kuifanya ivume au itetemeke usiku kucha. Balbu ya LED nayo inaweza kumweka. Kwa mizigo midogo weka jozi yako kwenye ncha za mota yenyewe.

Varista (kipande kinachopitisha umeme volti zikizidi) iliyoandikwa 14D471K sambamba na mzigo inasaidia kukata kilele cha volti, lakini haipunguzi ukali wa mwanzo wa cheche. Mimi huiweka kama nyongeza, kamwe haiwi peke yake, na fyuzi iwepo mbele yake.

Balbu hazina koili, kwa hiyo watu huziachia. Lakini nyuzi za balbu zikiwa baridi zina ukinzani wa kama sehemu moja ya kumi ya ule wa zikiwa zimewaka, kwa hiyo balbu nne za wati 100, ambazo zikiwaka zinakula chini ya ampia 2, zinaanza kwa mkupuo wa zaidi ya 10. Vituo vya relei vinaungua polepole, na mwisho vinagandana. Kwa joto la inkubeta, relei ya kielektroniki inayowasha volti zikipita sifuri ni bora kuliko ile ya kugonga, na kelele zake ni kidogo mno.

Hatua ya 6: nyaya

Tenganisha. Waya wa 230 V uende ukuta wa kushoto, nyaya za kioo na kihisi ukuta wa kulia. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba, zisitembee pamoja. Sentimita 10 kati yao zinafanya kazi kubwa kuliko kapasita yoyote utakayonunua. Waya wa moto na nyutro wa mota moja zisokotwe pamoja, ili kelele za mmoja zimezwe na za mwenzake.

Nyaya za kioo ziwe fupi, sentimita 20 au 30, na waya wa graundi uende pamoja nazo. Ukitumia waya bapa wa kompyuta ya zamani, ipe E mstari ambao jirani yake ni graundi. Tia rizista ya ohmu 100 kwenye waya wa E upande wa Nano, na rizista ya kilohmu 10 kutoka E hadi graundi upande wa kioo, maana Nano inapoanza pini zake huwa hazijashikwa na mtu. RW iende graundi kabisa. Nimekuta nyingi zimeachwa zinaning'inia. D0 hadi D3 ziache, hazina tatizo.

Kama una kibao cha I2C mgongoni, nyaya ni nne tu, lakini usizisokote SDA na SCL pamoja. Sokota SDA na graundi, SCL na 5V. Chipu ya PCF8574 iliyoko hapo ni ya 100 kHz, usiipandishe 400 eti mtandaoni imefanya kazi kwa mtu. Kwa umbali wa zaidi ya mita moja karibu na mota, mimi narudi kwenye kuhamisha Nano iwe karibu na kioo na kurefusha nyaya za relei, kwa sababu waya wa relei unaweza kuvumilia kelele ambazo waya wa I2C hauwezi.

Vioo vya rangi vya SPI, njia nyingine ya kutuma data, vina mambo yake: vinasukuma data kwa kasi kubwa, kwa hiyo nyaya za sentimita 10 na kasi iliyopunguzwa kwenye programu ndiyo mwanzo wa tiba. Mengine yote ni yaleyale.

Hatua ya 7: programu, ukishamaliza waya

Nimeiweka mwisho makusudi. Kuna watu wanaanzia hapa, wanaita lcd.begin(16, 2) kila dakika, kioo kinajisafisha, mteja anafurahi. Amri hiyo inachukua kama sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, jicho linaona kumeta kidogo tu, na inaweza kukirudisha kioo kwenye hesabu kutoka hali yoyote. Ni bima nzuri. Ila cheche inayovuruga kioo leo ndiyo itakayovuruga kihisi kesho, na kihisi hakiandiki Kichina. Kinatoa tu namba ya uongo, na balbu zinaitii.

Kwa hiyo iweke, mara moja baada ya kila relei kubadilika hali, ukisubiri milisekunde 50 kwanza. Kisha ongeza haya.

Namba ya joto iliyo chini ya 10 au juu ya 50 isikubaliwe. Isome tena, zikifuatana tano za namna hiyo, zima balbu na piga king'ora. Mayai ya kuku yanataka 37.5, na yanavumilia ubaridi wa muda mfupi kuliko joto la kupita kiasi, kwa hiyo ukikosa uhakika zima.

Kwa I2C weka Wire.setWireTimeout(3000, true) baada ya Wire.begin(). Bila hiyo, maktaba ya Wire kwenye bodi hizi inaweza kusubiri milele.

Washa wochidogi, saa ya ulinzi iliyo ndani ya chipu, ya sekunde 8: wdt_enable(WDTO_8S) kwenye setup, wdt_reset() mara moja tu ndani ya loop. Programu ikikwama, chipu inajiwasha upya yenyewe. Tahadhari kwa Nano zenye butiloda (programu ndogo inayoanza kwanza bodi ikiwaka) ya zamani: wochidogi ikishapiga mara moja, bodi inaingia kwenye mzunguko wa kujiwasha bila kutoka, na taa yake inapepesa haraka haraka. Ijaribu mezani kwa makusudi, weka while(1), yaani mzunguko usioisha. Uone inavyofanya, kabla hujaipeleka kwa mtu.

Hatua ya 8: itese

Rudisha ile programu ya kugonga kila sekunde 4, mizigo yote ikiwa imeungwa, boksi limefungwa, na uzime kwa muda ile bima ya lcd.begin ili isikufichie kitu. Kugonga mara 300 ni dakika 20. Kaa unywe chai. Kama jirani ana mashine ya kuchomelea, subiri aanze kazi, ndiyo mtihani wenyewe.

Ya mama ilipita 300 nikiwa nimehamisha nyaya za kioo ukuta wa pili, nimeweka jozi ya rizista na kapasita kwenye mota na nyingine kwenye feni, na 104 moja mgongoni mwa kioo. Redio ilisikika "ta" hafifu pale kwenye relei tu. Nikairudisha bima, nikafunga kifuniko.

"Sasa na hivi vya zamani, fundi?" Alitoa kwenye kabati mfuko wa rambo wenye vioo viwili, vile vilivyotolewa na mafundi walionitangulia. Nilivijaribu palepale kwenye bredibodi. Vyote viwili viliandika "Joto: 37.5" vizuri kabisa. Kimoja alinipa, ndicho ninachotumia mezani kwangu mpaka leo. Cha pili alikirudisha kabatini, "kwa ajili ya kikiharibika hiki."